Wakala ni wa Nani?

Shangazi yangu ameuza tiketi za ndege mjini Gisenyi tangu mwaka 1987, na katika miaka yote hiyo yeye mwenyewe amepanda ndege mara mbili tu. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza, viti vitatu, ramani ya dunia iliyofifia na dirisha linalotazama barabara ya kuelekea mpakani. Anayetaka kuruka kutoka hapa kwetu sharti apande basi hadi Kigali, mwendo wa saa tatu na zaidi, akapandie Kanombe; au, katika miaka ambayo amani iliruhusu, avuke mpaka kwa miguu akapandie Goma. Kwa hiyo shangazi huuza kitu kisichoonekana mjini kwake. Mteja hulipa fedha leo, mbele ya meza ile, kwa ahadi ya kiti kitakachokuwa angani siku nyingine, chini ya mamlaka ya watu asiowajua.

Nilipokuwa mdogo nilidhani anauza karatasi. Baadaye nikadhani anauza viti. Mwaka juzi nilitenda jambo dogo lililonifanya nijiulize upya anauza nini hasa, na anauza kwa niaba ya nani. Insha hii inajadili swali hilo: wakala wa safari ni wa nani? Je, ni wa shirika lililompa tiketi auze, au ni wa msafiri aliyemwendea akiwa hajui njia? Na ikiwa siku hizi kila mtu anaweza kununua tiketi kwa simu yake, je, swali hili limekufa pamoja na ofisi za mawakala, au limehamia mahali pengine?

Nianze na neno lenyewe. Wakala ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kukabidhi na kutegemea. Ndugu yake ni tawakali, yaani kuweka tumaini kwa Mungu. Basi wakala ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Lakini mwenzake yupi? Kwa mujibu wa mikataba jibu ni rahisi. Wakala aliyeidhinishwa na IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege iliyoundwa Havana mwaka 1945, huuza kwa niaba ya shirika la ndege. Kwa mujibu wa mteja jibu ni rahisi vilevile, ila ni jingine: yeye husema "wakala wangu", kama anavyosema "daktari wangu". Watu wawili wanamwita mtu mmoja wao, na kila mmoja ana haki kiasi. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Shangazi yangu amekaa kwenye njia panda hiyo karibu miaka 40.

Alipoanza kazi, tiketi iliandikwa kwa mkono. Ilikuwa kijitabu chembamba chenye kurasa zilizopakwa kaboni nyekundu kwa nyuma, hata ifikapo jioni vidole vyake vilikuwa vyekundu. Ratiba zilikuwa katika kitabu kinene kilicholetwa kutoka Kigali, na nafasi iliombwa kwa simu ya mezani. Jibu lingeweza kuchukua siku mbili. Wateja wake walikuwa padri anayekwenda Ubelgiji kwa masomo, mhandisi wa kiwanda, mfanyabiashara anayevuka kwenda Goma ili afike Kinshasa. Wote walifanana katika jambo moja: hawakuwa na njia nyingine ya kujua. Bei, saa za kuunganisha ndege, viza ya kupitia nchi ya tatu, uzito wa mizigo, yote yalikuwa kichwani mwake na katika kile kitabu.

Na nani alimlipa? Shirika la ndege. Zama hizo kamisheni ya kawaida ilikuwa asilimia 9 hivi ya nauli. Hapa ndipo tatizo la kimaadili linapoonekana kwa hesabu ya darasa la nne. Tuseme kuna njia mbili za kufika Brussels, moja kwa dola 1,000 na nyingine kwa dola 700 kwa kupitia mji mwingine na kusubiri usiku kucha. Ya kwanza inamletea wakala dola 90. Ya pili dola 63. Akimweleza mteja juu ya ile ya pili, amejinyang'anya dola 27 kwa mdomo wake mwenyewe. Mteja hatajua kamwe kama hakuambiwa. Hakuna atakayemshitaki wakala kwa kukaa kimya.

Nilimuuliza shangazi alifanyaje. Akajibu kwamba aliwaambia zote mbili. "Nikimficha leo," alisema, "kesho atajua kwa mwenzake, na kesho kutwa hatarudi." Nililipenda jibu hilo, mpaka nilipokutana na Immanuel Kant katika somo la falsafa. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, Kant anatoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja mgeni, hata mtoto akinunua kwake hununua kwa bei ile ile. Watu wanatendewa haki, anasema, lakini hilo halitoshi kutuonyesha kwamba mwenye duka anatenda kwa sababu ya wajibu. Huenda anatazama faida yake tu. Wakati huo niliona Kant ni mkali kupita kiasi. Mteja ametendewa haki. Nia ya mwenye duka inatuhusu nini? Nitarudi kwenye swali hilo, maana nilikuja kuona kwamba inatuhusu sana.

Mwaka 1994 sitausimulia hapa, kwa kuwa unastahili zaidi ya aya moja katika insha ya jambo jingine. Niseme tu kwamba shangazi alipofungua mlango wa ofisi tena mwishoni mwa 1996, vitabu vya tiketi havikuwepo, na wateja wake wengi pia hawakuwepo. Alianza upya na majina mapya.

Miaka iliyofuata ilimfundisha kwamba mashirika ya ndege hufa. East African Airways ilikuwa imekufa mwaka 1977 pamoja na jumuiya iliyoizaa. Air Zaïre ilianguka mwaka 1995. Hata Sabena, iliyounganisha Ubelgiji na eneo letu tangu enzi za ukoloni, ilifilisika mwezi wa Novemba 2001. Shirika linapokufa, ofisi zake kubwa hufungwa na namba zake za simu hunyamaza, lakini wakala hubaki mtaani, na nyumba yake inajulikana. Kampuni moja ndogo, ambayo sina haja ya kuitaja, ilipoacha kuruka ghafla, wateja saba hawakwenda kutafuta makao yake makuu. Walikuja kwa shangazi. Fedha zao zilikuwa zimekwishapelekwa kwa kampuni. Yeye alibaki na kamisheni tu. Kisheria hakuwa na deni. Alichofanya ni kumrudishia kila mmoja kiasi kile kile alichokula yeye katika tiketi yake, faranga kwa faranga. Kilikuwa kidogo, na mmoja wao alimtupia usoni. Lakini naona kwamba kwa tendo lile alitoa jibu fulani: sehemu yangu katika ahadi iliyovunjika ni hii, na hii naibeba.

Hata hivyo, deni la fedha ni jepesi kulipima. Deni la kujua ni zito zaidi, na mahali pazuri pa kulitazama ni ng'ambo ya mpaka wetu. Uwanja wa ndege wa Goma uko chini ya Nyiragongo. Mwezi wa Januari 2002 lava ilifunika sehemu ya njia yake ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege ziliendelea kuutumia ukiwa umefupishwa. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mashirika ya Kongo kuruka katika anga lake kwa sababu za usalama. Lakini mfanyabiashara wa vitenge anayetaka kufika Kisangani hana barabara ya maana; marufuku ya Ulaya haimpi ndege nyingine. Shangazi aliuza tiketi hizo. Kamisheni yake ilikuwa halali. Ila kwa kuwa wapakiaji wa mizigo na wafanyakazi wa uwanjani walikuwa jamaa zake wa kunywa naye chai, alijua mambo ambayo tiketi haikuyaandika.

Mwaka 2007 alimwambia mteja wake mmoja wa vitenge: "Safari hii naiuza, lakini wiki hii ndege yenyewe imeahirishwa mara mbili kwa ajili ya injini. Mwanangu nisingempandisha. Sasa amua." Mteja akaamua kwenda, kwa sababu bidhaa zake zilikuwa zinamsubiri. Alifika salama, akarudi salama, akamcheka shangazi mbele ya watu kwa woga wake. Kwangu mimi kisa hiki kina thamani kwa sababu hakuna ajali iliyotokea. Mara nyingi tunapima ukweli kwa matokeo: aliyeonya alikuwa sahihi kwa kuwa ndege ilianguka, au alikuwa mwoga kwa kuwa haikuanguka. Lakini deni la mwenye kujua hulipwa pale anaposema, hata kama mambo yatakwenda vizuri baadaye. Mteja yule alisafiri akiwa na alichokijua shangazi. Kabla ya hapo alikuwa anasafiria nyota ya mwenzake, jambo ambalo methali yetu inalikataza. Baada ya hapo nyota ilikuwa yake.

Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka kutoka Goma, ikapita mwisho wa njia yake na kuingia katika mtaa wa Birere, mahali pa soko na nyumba zilizobanana. Makumi ya watu walikufa. Wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa chini, wakiuza na kununua. Nasema hili kwa sababu linapanua swali letu. Watu wale hawakuwa wamenunua tiketi yoyote. Hawakuwa na wakala. Tukisema kwamba anayejua ana deni kwa yule tu anayemlipa, basi kwao hakuna aliyekuwa na deni, na hilo haliwezi kuwa kweli.

Wakati huo huo, mambo mengine yalikuwa yanabadilika mbali na Kivu. Zilikuja kompyuta za kuwekea nafasi. Huenda msomaji akadhani kwamba kompyuta iliondoa tatizo la kamisheni kwa kuwa haina tamaa. Historia inasema vingine. Mfumo wa Sabre huko Marekani ulimilikiwa na American Airlines, na katika kioo cha wakala safari za shirika hilo zilipangwa juu ya za wengine. Wakala mwenye haraka huuza kinachoonekana kwanza. Malalamiko yakawa mengi, hata mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaweka kanuni za kukataza upendeleo huo. Kumbe kioo nacho kilikuwa na bwana wake. Tofauti ni kwamba bwana huyo hakuonekana usoni, na mteja hakuweza kumuuliza kwa nini amenyamaza.

Kisha mashirika yakaanza kuwakata mawakala. Mwezi wa Februari 1995 shirika la Delta la Marekani liliwawekea kikomo cha dola 50 kwa tiketi ya ndani ya nchi ya kwenda na kurudi. Mwaka 2002 likaifuta kabisa kamisheni ya kawaida nchini humo, na wimbi hilo likaenea taratibu duniani. Tarehe 1 Juni 2008 IATA ikaacha tiketi za karatasi. Vidole vyekundu vya shangazi vikawa historia, na mshahara wake pia. Ikabidi aanze kumtoza mteja ada ya huduma mwenyewe.

Sasa tujiulize: ikiwa anayelipa ndiye mwenye wakala, basi hapa shangazi alihama kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Jana alikuwa wa shirika. Leo ni wa msafiri. Kwa mtazamo huo, mabadiliko haya yangekuwa ukombozi wa kimaadili. Na ni kweli kwamba yalimrahisishia kitu: hesabu ya zile dola 27 ilikwisha, kwa kuwa ada ilikuwa moja kwa tiketi zote. Lakini yeye mwenyewe anasema hakubadilisha lolote katika alichowaambia watu. Alichokuwa anakisema mwaka 1988 akilipwa na shirika, alikisema mwaka 2010 akilipwa na mteja. Ninaamini hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Deni la wakala linatokana na kile anachokijua ambacho msafiri hakijui, na mkono unaolipa hauliongezi wala kuliondoa.

Alexis Kagame, mwanafalsafa na padri wa Rwanda, alichapisha mwaka 1956 uchunguzi wake juu ya dhana ya kuwepo katika lugha yetu. Aligawa vitu vyote vilivyopo katika makundi manne kwa kufuata ngeli: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunayatambua bila shida: mtu, kitu, mahali, namna. Mtu ni kiumbe chenye akili; kitu ni kile kisicho nayo. Ninapotazama kioo cha mfumo wa tiketi, naona kitu, mahali na namna: kiti, uwanja, daraja la safari. Jina la msafiri lipo, lakini limeandikwa kama sifa ya kiti. Kazi ya wakala, nikiitazama kwa darubini ya Kagame, ni kukumbuka kwamba sentensi ile ina mtendaji wa ngeli ya kwanza. Mfumo hauna uovu kwa kutokukumbuka hilo, kwa kuwa nao ni kitu. Mimi ni mtu, na hiyo ndiyo aibu yangu, kama nitakavyoeleza.

Mwaka juzi, wakati wa likizo, msichana niliyesoma naye sekondari alinitafuta. Alikuwa amepata kazi ya nyumbani Muscat kupitia mtu aliyemfahamu kwa simu tu. Alikuwa ametumiwa fedha ya tiketi, na mtu huyo alimwambia asiende ofisini kwa wakala, anunue mwenyewe mtandaoni. Hakujua kufanya hivyo, na mimi najua. Alifurahi sana. Alisema Kiswahili chetu kitamfaa, kwa maana Oman wako wengi wanaokisema, na hilo ni kweli. Nilijaza jina lake, namba ya pasipoti na tarehe. Tiketi ilikuwa ya kwenda tu. Alinipa faranga 5,000, nikazipokea.

Niliona kila kitu. Nilikuwa nimekulia katika ofisi ile. Nilijua maana ya tiketi ya kwenda tu inayolipwa na mtu asiyejulikana, na maana ya kuambiwa "usiende kwa wakala". Nilijua juu ya mfumo wa kafala, unaofunga kibali cha mfanyakazi kwa mwajiri wake. Sikuuliza hata swali moja. Nilijiambia kwamba nikiuliza ataniona nina kijicho, mimi niliyepata nafasi chuoni na yeye hakupata. Nilijiambia kwamba ni mtu mzima. Nilijiambia kwamba mimi si wakala, ninasaidia tu kubonyeza. Tangu alipoondoka huniandikia mara chache, neno moja au mawili: "Niko sawa." Huenda yuko sawa. Wako wengi waliokwenda, wakafanya kazi, wakajenga kwao, na sitaki kumwandikia msiba ambao haukumpata. Lakini sijui, na nilipaswa kuuliza nilipoweza.

Nilipomsimulia shangazi, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulimuuliza, mwanangu?" Nikasema hapana. Akarudi kwenye kazi yake.

Hapo ndipo nilipomwelewa Kant na mwenye duka wake. Uaminifu wa kibiashara, ule wa "asipopata haki hatarudi", unafanya kazi kwa mteja anayerudi: padri, mhandisi, muuza vitenge. Lakini mtu wa tiketi ya kwenda tu ni mteja ambaye hatarudi. Hatakulalamikia, hatakusifu, hatakuletea wenzake. Faida yote ya ukweli kwako imeondolewa, na imebaki sababu moja tu ya kusema: kwamba yeye ni mtu na wewe unajua. Kwa hiyo nia ina maana. Uaminifu unaotegemea faida hukatika mahali pale pale ambapo deni ni kubwa zaidi.

Nikiwa mkweli, kuna hoja nzito dhidi yangu, na nitazitaja tatu.

Ya kwanza ni ya uhuru. Rafiki yangu ni mtu mzima. Mimi ni nani nimzuie? Wanyarwanda husema "akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze", yaani ndege mdogo asiyeruka hajui kulikoiva. Vijana wa Rubavu wamezaliwa mpakani; kuvuka ndiyo maisha yetu. Nakubali kabisa. Lakini kusema si kuzuia. Shangazi hakumzuia muuza vitenge. Alimwambia, kisha akamwandikia tiketi. Anayenyimwa habari hana uhuru kamili wa kuamua, hivyo kunyamaza kwangu hakukuheshimu uhuru wa rafiki yangu. Kulitumia tu neno uhuru kujificha.

Hoja ya pili inaniuma zaidi kwa kuwa mimi ni msichana. Nani huulizwa maswali? Nimesimama kwenye foleni za mpaka na kuona kijana wa kiume akipita huku mimi nikiulizwa ninakwenda kwa nani na kwa nini. Maswali ya ulinzi yana ndugu mbaya, na jina lake ni dharau. Wakala akianza kushuku kila msichana, atakuwa ameongeza ukuta mwingine mbele ya watu wenye kuta nyingi tayari. Sina jibu kamili kwa hoja hii. Ninaloweza kusema ni kwamba shangazi ana maswali matatu, na huwauliza wote, padri kwa msichana: Nani atakupokea? Tiketi ya kurudi iko mikononi mwa nani? Ukikwama, utampigia nani? Swali linaloulizwa kwa kila mtu haliwi tuhuma. Na yeye huuliza bila kusubiri kuridhishwa. Jibu ni la msafiri, alitafakari njiani.

Hoja ya tatu ni ya wakati. Zamani, wakala alikuwa na deni kwa sababu yeye peke yake alijua. Leo kila kitu kiko kwenye simu. Ujuzi umegawanywa kwa wote, basi na deni limefutika. Hoja hii inavutia, lakini inachanganya habari na ujuzi. Simu ina majibu yote kwa anayejua kuuliza. Mwezi wa Machi 2020, Rwanda iliposimamisha ndege za abiria kwa sababu ya korona, shangazi alipigiwa simu na watu ambao hawakuwahi kununua kwake. Walikuwa wamenunua mtandaoni, mahali fulani, kwa bei nzuri. Sasa walitaka kujua fedha zao ziko wapi, na hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Aliwasaidia waliosaidika. Habari walikuwa nazo tangu mwanzo, katika masharti marefu waliyoyakubali bila kuyasoma. Walichokosa ni mtu.

Hivyo basi, narudi kwenye swali langu la pili: je, suala la wakala linakufa na ofisi yake? Ofisi ya shangazi huenda isimalize miaka mitano. Wateja wake wengi sasa ni watu wa Goma wanaovuka kuja kupandia Kigali, tangu uwanja wa kwao ulipofungwa vita vilipoufikia mji mwishoni mwa Januari 2025. Lakini tazama kinachotokea mtaani. Bibi anayetaka pasipoti humwita mjukuu amjazie kwenye Irembo. Jirani anayetafuta tiketi humwita mwanafunzi mwenye simu nzuri. Sisi tuliosoma, tunaojua kusoma masharti kwa lugha tatu, tumekuwa mawakala bila ofisi, bila leseni na bila kujiita hivyo. Tunapokea faranga 2,000, faranga 5,000 au soda. Rwanda ina sheria ya mwaka 2018 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na ni vyema iwepo, lakini sheria haikai kando ya kidole kinachobonyeza. Sisi ndio tunaokaa hapo.

Wakala ni wa nani, basi? Kwa mkataba, ni wa anayemlipa. Kwa maadili, ni wa yule asiyejua anachokijua yeye. Pale ambapo hao wawili wanapingana, wa pili ana haki ya kuambiwa, na baada ya kuambiwa ana haki ya kwenda.

Maswali matatu ya shangazi hayana bei, na kuyauliza hakuchukui dakika tatu. Wiki iliyopita nilimwandikia rafiki yangu la tatu, kwa kuwa mawili ya kwanza yamechelewa. Nilimwambia pia kwamba akikosa wa kumpigia, anipigie mimi, saa yoyote. Hilo halifuti nilichokiacha. Nalihesabu kama shangazi alivyohesabu ile kamisheni aliyoirudisha: ni sehemu yangu, na ndiyo ninayoweza kuibeba.